Uchambuzi wa kisa: nyumba iko Massachusetts, ploti iko Kenya, saini ni ya Mama

Kabla sijaanza

Mi si wakili. Ni karani na mkalimani kwa ofisi ndogo ya mawakili wa wazee hapa Massachusetts, kazi yangu ni kupanga makaratasi na kukaa katikati ya mzungu anayeuliza na mzee anayejibu. Hiki kisa nimeruhusiwa na familia kukiandika, majina nimeyatoa yote, mji sitautaja, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza makusudi ili mtu wa kanisani kwao asisome akaanza kupiga hesabu ni nani. Watoto nitawaita Kaka, Dada na Kitinda. Mama ni Mama.

Wakili wa wazee ni nani, manake watu wetu wengi wanadhani ni wa kuandika wosia tu? Huyu ndo anashughulika na maswali ya uzee: ukishindwa kusaini nani asaini, ukishindwa kuongea nani aongee na daktari, nasing homu (yale makao ya kutunzia wazee) italipwa na nani, na nyumba itabaki kwa nani ukishamaliza kulipa. Wosia ni kipande kimoja tu, na mara nyingi hata si kile kigumu.

Familia yenyewe

Mama alikuja Marekani mwishoni mwa miaka ya 90, akafanya kazi kama wengi wetu, kuosha na kulisha wazee wa watu kwa nasing homu, zamu juu ya zamu, karibu miaka 20. Akachukua uraia wa Marekani 2008. Nyumba alinunua 2003 kwa dola 210,000, na tulipoanza kesi ilikuwa inakadiriwa 430,000 hivi. Baba watoto alishafariki. Benki alikuwa na dola 96,000, hela ya jasho kabisa. Na Kenya alikuwa na ploti ya ekari moja Bonde la Ufa, hati miliki iko kwa jina lake, alinunua kitambo kabla ya kuchukua uraia wa huku.

Kaka, kifungua mimba, anaishi Texas. Dada alirudi kukaa na Mama 2019 baada ya ndoa yake kuvunjika, na yeye pia ni mhudumu wa nasing homu. Kitinda yuko Kenya, anajenga.

Hilo neno "anajenga" mlikumbuke.

Mambo yalivyoanza

Mwanzoni mwa 2022 Mama alianza kuacha jiko likiwaka. Alafu akalipa bili ya gesi mara tatu mwezi mmoja. Alafu siku moja akapotea akitoka kanisani, njia aliyopita miaka 15. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, hatua za mapema.

Mwezi wa nne familia ikafanya kikao kwa simu, na kama kawaida kila mtu alikuja na sheria yake. Kaka alisema nyumba iandikwe jina la Dada haraka kwa dola moja kabla serikali haijaichukua. Rafiki ya Mama wa kanisani alisema ati unaruhusiwa kumpa mtu dola 16,000 kwa mwaka bila neno, kwa hivyo Mama aanze kugawa. Kitinda alisema Mama arudishwe Kenya, huku kuna hewa safi na msichana wa kazi unampata. Dada hakusema kitu, alikuwa anajitayarisha kuingia zamu ya usiku.

Hiyo ya dola 16,000 niiseme hapa hapa manake naisikia kila wiki. Ni kweli hicho ndo kilikuwa kiwango cha 2022, lakini ni cha watu wa kodi, kinahusu kama utajaza fomu ya kodi ya zawadi au la. Medicaid, yaani bima ya serikali ya kuwalipia matibabu wasio na uwezo, haikijui. Medicaid, ambayo huku kwetu inaitwa MassHealth, inaangalia miaka mitano nyuma kutoka siku umeomba ikulipie nasing homu, zamani ilikuwa mitatu lakini sheria ilibadilishwa 2006, na chochote ulichopeana bure ndani ya hiyo miaka wanakihesabu, hata kama ni 500. Watu wanachanganya hizo sheria mbili na wanaumia.

Siku ya kwanza ofisini

Walikuja mwezi wa sita, Dada na Mama wenyewe, Kaka kwa simu ya spika. Wakili wetu ni mama wa Kimarekani, mzuri tu, lakini alianza kwa kumwita Mama kwa jina lake la kwanza, na mtu wa miaka 74 anaitwa hivyo na mtu wa umri wa mtoto wake, niliona Dada ameshtuka. Nikamnong'oneza wakili amwite Mama fulani, kwa jina la kifungua mimba. Akabadilisha papo hapo. Mnaweza kuona ni jambo dogo lakini kuanzia hapo Mama alianza kumtazama usoni.

Alafu wakili akasema watoto watoke nje.

Kaka alikasirika kwenye simu. "Sisi ndo tunakulipa, na huyo ni mgonjwa, atakwambia nini?" Wakili akamjibu polepole kwamba hata kama ankara italipwa na watoto, mteja ni Mama, na anataka kujua Mama anataka nini kabla hajajua watoto wanataka nini. Nikakata simu mimi, kwa adabu.

Tukabaki watatu. Wakili alimuuliza vitu vinne tu: una mali gani, watoto wako ni nani, hii karatasi ukisaini itafanya nini, na nani unamwamini. Mama alikuwa anarudi kwa Kiswahili kila akichoka. Kuhusu watoto alisema, "Nina watatu mwanangu. Mmoja ana kichwa, mmoja ana mdomo, na mmoja ana mkono wa kupokea." Nikatafsiri vile vile. Wakili alicheka, alafu akaandika kwenye faili yake kwamba mteja anaelewa vizuri kabisa mambo ya familia yake.

Hapo kuna somo la kisheria. Mtu kuwa na ugonjwa wa kusahau hakumaanishi hawezi kusaini. Kinachoangaliwa ni kama siku ile, saa ile, anaelewa anachosaini. Dada alikuwa ametuambia Mama yuko sawa asubuhi na anachafuka jioni, kwa hivyo siku ya kusaini tukaiweka saa tatu asubuhi, na daktari akatoa barua wiki hiyo hiyo.

Maamuzi, na kwa nini

Karatasi za kwanza zilikuwa mbili kubwa. Hati ya uwakilishi, ile watu wetu wanaita pawa ya atoni, ya aina inayoendelea kufanya kazi hata mwenyewe akipoteza akili, na hati ya kumteua mtu wa kuongea na madaktari. Hii ya pili kwa Massachusetts inataka mashahidi wawili, na anayeteuliwa haruhusiwi kuwa shahidi. Kaka alitegemea yeye ndo atakuwa kwenye zote mbili, ni kifungua mimba na ni mwanaume. Mama alimchagua Dada. Kaka akawekwa wa akiba. Aliposomewa alinyamaza, alafu hakupokea simu zetu karibu miezi miwili, na huko kununa kulikuja kutugharimu, nitafika.

Kwenye hati ya uwakilishi wakili aliongeza aya moja ambayo zile fomu za kuprinti kwenye intaneti mara nyingi hazina: kwamba Dada anaruhusiwa kutoa mali ya Mama kama zawadi, hata kujipa mwenyewe, kwa ajili ya mipango ya Medicaid. Nilimuuliza wakili si hii ni hatari? Akasema ndio ni hatari, ndo maana nimemuuliza Mama peke yake mara mbili kama anataka, na bila hii aya ile nyumba hatutaweza kuigusa siku tukiihitaji.

Sasa nyumba. Kuiandika jina la Dada siku hiyo kwa dola moja ingekuwa zawadi ya mamia ya maelfu, na Mama akihitaji nasing homu kabla ya miaka mitano kuisha, MassHealth ingekataa kulipa kwa miaka. Kuiweka kwenye trasti isiyovunjwa, yaani mali inashikwa na mtu mwingine kwa niaba yenu na huwezi kuirudisha, pia kunataka miaka mitano, na kwa hali ya Mama hakuna mtu alidhani tunayo. Njia iliyobaki ni moja watu wengi hawaijui: sheria inaruhusu mzazi kumpa nyumba mtoto bila adhabu yoyote, yaani bila huko kukataliwa kulipiwa, ikiwa huyo mtoto ameishi humo na mzazi angalau miaka miwili mfululizo hadi siku mzazi anaingia nasing homu, na utunzaji wake ndo ulimfanya mzazi asiingie mapema. Dada alikuwa ameshakaa mitatu. Kwa hivyo uamuzi ulikuwa: tusiguse nyumba sasa, tukusanye ushahidi. Barua ya daktari kila baada ya miezi sita, ripoti za kodi za Dada zenye anwani ile, leseni yake ya gari, na daftari. Kila siku aandike amemfanyia Mama nini. Kuoga, dawa, kulisha, usiku ameamka mara ngapi.

Na hapo wakili akasema kitu kilichomuuma Dada. Alimshauri asipokee hata senti kwa kumtunza Mama, ili kesho mtu wa jimbo asije akasema hiyo ilikuwa kazi ya mshahara, haikuwa mtoto kumtunza mzazi. Lakini wikendi Dada alikuwa anafanya zamu mbili mbili, saa 16 Jumamosi, saa 16 Jumapili, na kulikuwa na mama mmoja wa kanisani anayekuja kukaa na Mama na kulipwa mkononi. Huyo akaandikiwa mkataba, dola 1,800 kwa mwezi, analipwa kwa cheki. Dada aliniambia kwenye ngazi, "Yaani mgeni analipwa kwa siku mbili, mimi siku tano ni bure?" Sikuwa na jibu. Ushauri ndo ulikuwa huo.

Hela za benki zikapangwa. Paa lilikuwa linavuja, likatengenezwa kwa 14,500, hiyo inaruhusiwa manake ni nyumba yake. Ada za mawakili wa pande zote mbili, huku na Kenya, 7,000. Na mazishi.

Mazishi yalikuwa shughuli. Sheria inaruhusu mzee kulipia mazishi yake mapema kwa mkataba usiorudishwa na hiyo hela haihesabiwi tena kama mali yake. Kwetu sisi kumwambia mama yako twende tukalipie jeneza ni kumchulia kifo, na Dada alikataa kutafsiri hilo sentensi, nikalisema mimi. Mama alituangalia kama sisi ndo wagonjwa. "Mnataka nikaoze kwa friji huku mnachanga harambee? Lipeni. Na tiketi ya ndege mlipe." Basi mkataba ukaandikwa na kusafirisha mwili hadi Kenya ndani yake, dola 13,500. Kwa maoni yangu hiyo ndo hela iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye hii kesi.

Pesa ya kutuma nyumbani

Nilisema mkumbuke Kitinda anajenga. Tulipoomba taarifa za benki tukaanza kuona: 600, 900, 1,200, 700. Mara 47 ndani ya miaka mitatu, kuanzia katikati ya 2019. Jumla dola 38,400, zote zimeenda kwa Kitinda, na nyumba inayojengwa iko kwenye ploti ya Kitinda mwenyewe, si ile ya Mama.

Kwetu sisi hiyo si zawadi hata, ni kutuma tu, nani hatumi? Lakini kwa macho ya MassHealth ni mali ya mzee imetoka bure bila kurudishiwa kitu cha thamani sawa. Kuna njia ya kujitetea, ukionyesha kwamba mzee alikuwa anatoa kwa sababu nyingine kabisa na si ili afuzu Medicaid, na tulijaribu, kwa kuonyesha Mama ametuma pesa Kenya tangu miaka ya 90 akiwa mzima wa afya. Wakili alituambia mapema tusitegemee sana.

Kaka alipiga simu (sasa ameanza kupokea) akasema mbona msinyamaze tu, nani huko atajua? Na ploti ya Kenya pia msiiandike, hao watu hawajui hata Nakuru ni wapi. Wakili akamwambia fomu inasainiwa chini ya kiapo, na yeye akijua mteja anaficha mali anaacha kesi leo. Mimi naongeza langu: zile transfa 47 ziko kwenye taarifa za benki, na taarifa za benki ndo kitu cha kwanza jimbo linaomba. Unaficha nini?

Uamuzi ukawa kila kitu kiandikwe, na Kitinda arudishe anachoweza, manake kila dola inayorudi kwa Mama inapunguza adhabu. Kitinda alisema pesa iko kwa mawe na mabati. Mwishowe alirudisha 15,000, alikopa sakoni. Ikabaki 23,400.

Kilichotokea

Mwezi wa kwanza 2023 Mama alipata kiharusi kidogo. Alirudi nyumbani lakini akili ya asubuhi ile tuliyoitegemea ikapotea. Kuanzia hapo hakuna karatasi mpya Mama angeweza kusaini. Dada akaendelea naye nyumbani mwaka mzima na zaidi, daftari likajaa, likafuata la pili.

Februari 2024 akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika. Hospitali ilitaka kumweka kama mtu wa kuangaliwa tu, si wa kulazwa, na Dada akauliza lile swali alilofundishwa ofisini: amelazwa rasmi au hapana? Manake Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, hulipia mazoezi ya kupona kwenye nasing homu ikiwa tu umelazwa rasmi siku tatu mfululizo, na siku za kuangaliwa hazihesabiwi hata ukiwa umevaa gauni lao na kula chakula chao. Walimlaza rasmi. Medicare ikalipa siku 20 za kwanza zote, na kutoka siku ya 21 hadi ya 100 Mama akawa anachangia dola 204 kwa siku. Baada ya siku 100 Medicare inakwisha, na watu wengi wanagundua hapo kwamba haikuwa ya kukaa.

Mwezi wa tano daktari akasema hawezi kurudi nyumbani, anahitaji watu wawili kumwinua. Wiki hiyo hiyo Dada akatumia ile aya ya kwenye hati ya uwakilishi, nyumba ikahamia jina lake. Hela ya benki iliyobaki ikamalizika kulipa nasing homu, ambayo hapa ni zaidi ya dola 12,000 kwa mwezi, mpaka ikashuka chini ya 2,000, kiwango ambacho mzee asiye na mwenzi anaruhusiwa kubaki nacho.

Tukapeleka maombi. Miezi 60 ya taarifa za benki, boksi zima.

Jimbo likauliza mambo matatu. La kwanza, Dada wikendi alikuwa kazini, sasa nani alimtunza? Tukatoa mkataba wa mama wa kanisani, cheki zote, barua nne za daktari na madaftari mawili. Baada ya wiki kama tano wakakubali, nyumba haina adhabu. La pili, zile transfa. Utetezi wetu wa "alikuwa anatuma tangu zamani" ukakataliwa. Hesabu yao ni rahisi: kilichopeanwa unakigawa kwa bei ya wastani ya siku moja nasing homu, ambayo imezidi dola 400, kwa hivyo 23,400 ikatoa adhabu ya chini ya siku 60. Ila adhabu inaanza kuhesabiwa mzee akiwa ameshaisha pesa na ameshaingia nasing homu, yaani wakati hana kitu kabisa ndo anaambiwa jilipie. Hizo siku watoto walichanga wenyewe, zaidi ya dola 20,000. Kaka alitoa nusu bila maneno. Kitinda aliuza pikapu.

La tatu ilikuwa ploti.

Ploti

Hii ndo sehemu tulishindwa.

Wakili wetu alisema toka siku ya kwanza kwamba karatasi zake hazina nguvu Kenya, ikabidi familia itafute wakili wa huko. Wakili wa Kenya alituma hati yake ya uwakilishi mwezi wa nane 2022, isainiwe mbele ya noteri, ipitie ubalozini Washington, irudi isajiliwe kwa ofisi ya ardhi. Alimtaja Kaka kama mwakilishi maana Kaka ndo alikuwa na safari ya kwenda. Lakini Kaka alikuwa amenuna. Karatasi ilikaa kwenye meza yake Texas miezi minne. Kiharusi kikaja.

Na hata ingesainiwa, wakili wa huko alitueleza kwamba kwa sheria ya Kenya uwakilishi wa kawaida unakufa mwenye mali akipoteza uwezo wa akili. Ile aina ya huku inayoendelea, kule haitegemewi hivyo. Maana yake tulikuwa tunatakiwa kusaini na kuuza, vyote viwili, Mama akiwa bado yuko sawa, na kwa shamba la kilimo unahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi.

Alafu akauliza swali ambalo hakuna mtu kwa familia aliwahi kujiuliza: Mama alirudisha uraia wa Kenya? Alichukua wa Marekani 2008, wakati Kenya haikuruhusu uraia pacha, kwa hivyo wa Kenya ulikwenda. Katiba ya 2010 inamruhusu mzaliwa kuuomba tena, lakini hakuomba, nani alimwambia? Na katiba hiyo hiyo inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anahesabiwa ana haki ya miaka 99 tu. Ile ploti Mama aliyokuwa anaiita yangu ya milele, kumbe kwa karatasi si ya milele tena.

Njia iliyobaki ni kuomba Mahakama Kuu ya Kenya imteue mtu wa kusimamia mali ya Mama chini ya sheria ya afya ya akili. MassHealth tuliwaomba waihesabu ploti kama mali isiyofikiwa, manake huwezi kuuza kitu ambacho hakuna mwenye mamlaka ya kukisaini. Walirudisha barua zetu mara mbili wakitaka uthibitisho. Ya tatu, na barua ya kiapo ya wakili wa Kenya na nakala ya kesi iliyofunguliwa, wakakubali, kwa sharti kwamba ploti ikiuzwa tuwaambie.

Mambo yalipofikia

MassHealth inalipa tangu adhabu iishe. Mama anachangia pensheni yake ya Social Security karibu yote, anabakiwa na hela kidogo ya matumizi yake. Yuko nasing homu dakika kumi kutoka nyumbani. Dada anakaa kwenye ile nyumba kama mwenyewe, na wakili alimpigia hesabu ya kodi: amerithi bei ya kununua ya 210,000 kwa sababu alipewa Mama akiwa hai, akiuza kuna faida kama 220,000, lakini akiwa ameimiliki na kuishi humo miaka miwili anasamehewa hadi 250,000. Asikimbilie kuuza, basi.

Ninavyoiona mimi

Kilichookoa hii familia ni ile saa moja ambayo watoto walitolewa nje. Nasema hivyo nikijua ilimuumiza Kaka. Ile hati ya Dada ilipoulizwa baadaye, na iliulizwa, kulikuwa na maandishi ya wakili, na barua ya daktari ya wiki ile, na shahidi ambaye hana cha kurithi. Kama Mama angesaini mbele ya watoto wote na Kaka kwenye spika, mtu yeyote angesema alilazimishwa. Na kama asingesaini kabisa, tungeenda mahakama ya hapa kuomba mlezi na msimamizi wa mali, gharama, miezi, na jaji asiyemjua mtu ndo anaamua.

Daftari la Dada ndo lilishinda ile ya nyumba. Aliliandika akiwa amechoka, kurasa zingine zina madoa ya chai, na nadhani hayo madoa yalisaidia kuliko barua yoyote ya kupigwa chapa.

Kilichotushinda sitamlaumu Kaka peke yake. Ofisi yetu ilikosea. Tuliona amenuna, tukaendelea kumtumia barua za kikazi badala ya mtu kuchukua simu na kuongea naye kama mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya mamake. Mi mwenyewe nilijua, ni desturi yangu ile, wakili hakuijua, na nilinyamaza nikidhani si kazi ya karani. Pia tungeweza kumwomba wakili wa Kenya amweke Dada badala yake, karatasi moja tu ya kubadilisha. Hakuna aliyefikiria.

Ile ya transfa sijui kama tungeweza kuizuia, zilikuwa zimeshatumwa kabla hawajatuona. Ila kama Mama angejenga kwenye ploti yake mwenyewe, pesa ingekuwa imebadilika kuwa mali yake, si zawadi, ingawa hapo ingeongezeka kwenye shida ya ploti. Sasa hivi kila mteja wetu wa Afrika Mashariki tunamuuliza siku ya kwanza: unatuma kwa nani, kiasi gani, na inajenga kwa jina la nani? Na ukichukua uraia wa huku, ule wa nyumbani umeurudisha? Wengine wanaudhika, wanaona tunawapeleleza.

Kesi ya Kenya bado iko mahakamani, imeahirishwa mara mbili. Kitinda amepanda mahindi kwenye ploti ili isionekane haina mwenyewe.